Mkono wa Pole

Tik-tik.

Kitasa kililia mara mbili gizani, na Hidaya akautoa mkono wake upesi kama aliyeshika sufuria ya moto. Alisimama kimya akisikiliza. Huenda alisikia vibaya. Usingizi wa msibani si usingizi, mtu hulala nusu. Akafuta kiganja kwenye kanga, akashika tena, safari hii taratibu, kwa adabu, kama anayeuomba mlango radhi.

Tik-tik.

"Nani huyo anayehangaika na mlango?" Sauti ya Bi Mize ilitoka mkekani.

"Ni mimi, Bi. Nataka kwenda kuchota maji. Umenikataa."

"Nani amekukataa?"

"Mlango."

Mifupa ikalia, ukuta ukapapaswa, na yule bibi mwosha maiti, aliyelala pale kwa ajili ya matanga, akafika mlangoni akinukia kafuri. Alimsogeza Hidaya pembeni kwa kiwiko, akashika kitasa mwenyewe.

Tik-tik.

"Ala! Hata mimi? Nimeingia nyumba hii tangu mlango wake unafungwa kwa kamba. Leo uniulize mimi ni nani?"

Hidaya hakucheka. Kwa mtu safi kitasa hulia mara moja, na komeo hujivuta lenyewe. Mara mbili ni doa. Mwenye doa hafunguliwi zahanati, hafunguliwi shule, hafunguliwi duka wala kibanda cha maji, na kama walivyokuwa wakijionea sasa, hafunguliwi hata chumba anacholala. Hukaa hapo alipo mpaka afisa wa Mkono Safi aje kumuuliza swali moja tu: chanzo chako ni nani?

Nasri akaanza kulia, anataka kunyonya. Hidaya alimpakata palepale sakafuni, akampa ziwa, akaanza kufikiri kitu ambacho hakutaka kukifikiri.

"Mnataka kutoka?" Shani alikuwa ameamka. Alikuwa na miaka mitano, na tangu juzi, mama yake, Tausi, alipofariki, alikuwa akilala na kanga ya marehemu shingoni. Hakusubiri jibu. Alijinyoosha kwa ncha za vidole, akashika kitasa, na mlango ukafunguka kimya.

Mkono wa mtoto aliye chini ya miaka saba haunuswi. Sheria inasema mtoto hana hatia. Ndiyo maana mtoto hahukumiwi, huhamishwa tu.

Bi Mize alichungulia nje, alfajiri ilikuwa ndiyo kwanza inapasuka. Kisha akaenda jikoni, akarudi akiviringisha kinu kikubwa cha kutwangia, akakisimamisha katikati ya kizingiti.

"Haya," akauambia mlango. "Jifunge sasa, nikuone."

*

Jua lilipochomoza, barabara ya kumi na tatu yote, pale Ngamiani, ilikuwa ikilia. Tik-tik kwa fundi cherehani. Tik-tik kwa mwalimu wa madrasa na mkewe. Watu waligonga milango yao kwa ndani, wakaitana madirishani, na watoto wadogo, waliokuwa mabwana kwa siku moja, wakapita nyumba hadi nyumba wakiwafungulia watu wazima.

"Hidaya! We Hidaya!" Zaituni muuza vitumbua alikuwa amening'inia dirishani, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. "Umenipaka nini mwenzio? Unga wangu umeshaumuka, mafuta yako motoni, na mlango unaniambia mimi mchafu!"

"Sijakupaka kitu, dada."

"Hujanipaka? Jana nilishika mkono wa nani mwingine zaidi ya wako?"

Hapo ndipo Hidaya alipoelewa. Jana alikaa kwenye mkeka wa msiba, mgongo ukutani, kwa kuwa Tausi, rafiki yake, hakuwa na dada wala mama mjini. Wanawake waliingia wakitoka, kila mmoja akainama, akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akasema pole, shoga, Mungu akupe subira. Mikono ilikuwa na jasho, mingine na machozi. Kisha wakarudi makwao, ambako milango ilikuwa imewekewa mawe ikae wazi kwa ajili ya msiba, wakapika, wakalisha, wakawashika waume zao. Pole ilikuwa imetembea mtaa mzima, na doa limepanda juu yake.

Mitambo ile watu waliiita pua. Ilikuja kwa meli, zawadi kutoka nchi ambako unga wa kulevya unanunuliwa, ikafungwa kwenye vitasa miaka ile Hidaya alipokuwa msichana. Kiganja kikishika chuma, chuma kinaonja jasho. Chembe ya kokeini ambayo ungehitaji hadubini kuiona, pua inaijua. Doa likishaingia kwenye ngozi hutoka na jasho siku nyingi, hata usugue kwa jivu.

Kwenye masomo ya jioni, alikosoma na Tausi ili wafanye mtihani wa kidato cha nne wakiwa watu wazima, Hidaya aliwahi kumuuliza mwalimu: huko zilikotengenezwa, pua zimefungwa milango mingapi? Mwalimu alikohoa. Akasema huko walikaa wakajadili, wakaona ni kuingilia siri za mtu nyumbani kwake, wakaacha. Darasa lilicheka kile kicheko cha uchungu. Tausi peke yake hakucheka. Alisema, "Na bandarini je? Makontena yananuswa na nani?" Mwalimu akasema kontena halina mkono.

Kontena halina mkono. Hidaya alilikumbuka neno hilo sasa, Nasri akiwa mgongoni, akiwatazama majirani wanavyoingia mmoja mmoja kwa kuruka kinu. Hawakuwa na pa kwenda. Mtu mwenye doa akitoka kwake, mlango ukijifunga nyuma yake, harudi. Mlango uliobaki wazi ni huu wa msiba.

"Huyu naye?" Shani aliuliza, kila alipoingia mtu.

"Mlango umemkataa," Bi Mize alijibu, akichota wali kwenye sufuria ya matanga. "Basi na aje ale."

*

Kuosha kulikuwa hivi.

Tausi aliitwa Mombasa kwa kazi ya kulea wazee Ulaya. Alifika akakuta nyumba isiyo na wazee wala madirisha, na meza, na bakuli la mchuzi wa bamia ili vitu viteleze kooni. Alimeza alichoambiwa ameze, kwa sababu mwanamume aliyesimama nyuma ya kiti chake alilitaja jina la Shani na shule ya chekechea aliyoandikishwa. Asubuhi ya safari aliwatoroka. Alirudi Tanga kwa bodaboda, akibadilisha moja baada ya nyingine, kwa kuwa bodaboda haina mlango. Alifika kwa Hidaya akiwa amejikumbatia tumbo.

"Twende hospitali," Hidaya alimwambia.

"Nikishika ule mlango, nitakuwa nimemshikisha Shani."

"Nitakushikia mimi."

"Kitandani nako kuna pua, mwenzangu. Unajua wewe." Tausi alikuwa amefumbata mikono yake kwapani, asiguse kitu. "Niache nipumzike. Vitapita vyenyewe."

Havikupita. Alikufa mikono ikiwa kwapani bado.

Bi Mize alipomwosha, alimwinua kidogo, akampitishia mkono tumboni kwa upole, kama anavyofanyiwa maiti yeyote ili kilichobaki kitoke. Kikatoka kifuko kidogo kama kidole gumba cha mtoto, kimepasuka, na weupe ukayeyuka kwenye maji. Bi Mize alikuwa amefunga kitambaa mkononi. Hidaya hakufunga. Alikuwa ameshika kichwa cha rafiki yake, akimwagia maji nywele alizomsuka mwenyewe, na hakutaka kitambaa kikae kati yao.

"Mwaga maji," Bi Mize alisema. "Mwaga mengi. Na ulichokiona hujakiona. Mwosha hasemi. Aibu ya maiti inaishia hapa penye maji."

Walimzika akiwa msafi. Kwenye kumbukumbu za pua zote za nchi, Tausi binti Rajabu hakuwahi kulia mara mbili.

*

Gari jeupe la Mkono Safi lilifika jua likiwa limeshapanda. Akashuka kijana mrefu, shati limenyooshwa, glavu mkononi, kishikwambi kifuani. Begani alikuwa na alama ya maziwa yaliyotapikwa, imekauka. Hidaya aliiona kabla ya kitu kingine chochote.

"Asalamu aleikumu wenye nyumba."

"Waaleikumu salamu," Bi Mize akajibu. "Pita, baba. Mlango hauna neno leo, una kinu."

Kijana akaruka kinu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Na mkono uko wapi?"

"Niko kazini, Bi."

"Kazi gani hiyo inayokata watu mikono?" Watu wakacheka. "Wewe si Athumani wa Mwanahawa, barabara ya tisa? Uliyelia mpaka ukazimia mama yako alipotolewa nyumbani kwenye jeneza la bati?"

"Ni mimi, Bi. Afisa Mhina."

"Haya, Afisa. Kaa ule."

"Nimeshiba, Bi." Hakukaa. Alivua glavu moja, akaweka kiganja kwenye kishikwambi. Kikalia mara moja, kikafunguka. Kifaa kile hakimsikilizi mtu isipokuwa mkono wa afisa ukiwa safi, na kila hatua, hata ndogo, inataka mkono huo tena. Akavaa glavu yake haraka, kama mtu aliyevua nguo mbele za watu.

Kwenye kioo kulikuwa na mtaa wao, umechorwa kwa nukta, na kutoka kila nukta uzi mwekundu umevutwa. Nyuzi zote zilikwenda mahali pamoja.

"Tangu asubuhi," alisema Afisa Mhina, "watu wamepiga simu kutaja chanzo. Wote wamekutaja wewe, Hidaya binti Sefu."

Hidaya aliwatazama majirani. Wakatazama wali. Fundi cherehani aligundua kuna kitu kwenye kiatu chake.

"Mimi nilisema tu nilishika mkono wake," Zaituni akasema. "Sikusema chanzo. Mashine ndiyo ilisema!"

"Hakuna anayelaumiwa," afisa akasema. Alikuwa na sauti ya mtu aliyefundishwa sauti. "Ukitaja chanzo chako, nyuzi zote hizi zinahamia kwake. Nyote mnasafishwa, milango inafunguka kesho asubuhi. Usipotaja mpaka magharibi, mwanao huyo, Nasri, anahamishiwa nyumba ya malezi. Sheria ni ya kumlinda yeye."

"Bado ananyonya."

"Kuna maziwa ya kopo."

"Na nitamwona lini?"

Afisa alisita. "Geti lina pua," akasema.

Hidaya alimgeuza Nasri mgongoni, akampakata mbele, kana kwamba geti liko pale chumbani. "Na huyu?" Alimwonyesha Shani kwa macho.

"Huyu si wako. Mama yake amekufa bila doa. Atakwenda kwa bibi yake Muheza, atasoma, hana tatizo." Akashusha sauti, akasogea. Sasa hakuwa akitumia ile sauti ya kufundishwa. "Sikiliza, dada. Marehemu alikuwa na maradhi gani?"

"Tumbo."

"Tumbo." Akatikisa kichwa. "Amekwisha kufa. Hana jela ya kwenda, hana mlango wa kukataliwa. Mtaje tu. Sekunde moja, na wewe unabaki na mwanao. Kila siku watu wanataja wafu, mimi sishangai tena."

"Na mtoto wa chanzo anakuwa nani?"

Afisa aliivuta glavu yake. Hakukuwa na haja ya jibu. Kila mtu pale alikuwa akimjua angalau mmoja. Mtoto wa chanzo, hata aliye chini ya miaka saba, huandikiwa doa la ukoo kwenye pua zote mpaka anakua. Shule inamlilia mara mbili, na nyumba inayomchukua inalia naye. Kutwa nzima yuko nje ya vitu.

"Umetapikiwa begani," Hidaya alimwambia.

Afisa alijitazama, na kwa mara ya kwanza akaonekana kijana wa barabara ya tisa. "Ana wiki tatu. Wa kike. Halali usiku, na sisi hatulali."

"Mlaze kifudifudi kifuani kwako, usimtikise. Atalala."

"Nitajaribu," alisema. Kisha akakumbuka alikokuwa. "Nitarudi kabla ya magharibi."

*

Mchana ule watu walizungumza bila kumtazama. Walizungumza na sufuria, na dari, na kinu.

"Mimi simwambii mtu la kufanya," alisema Zaituni kwa ukuta. "Ila vitumbua vyangu vimemwagwa. Na mume wangu ana dawa za presha anazotakiwa kuchukua leo, na zahanati haimfungulii. Nasema tu."

"Sema, dada. Usiseme na ukuta, sema na mimi."

Zaituni akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Tausi hayupo, Hidaya! Hayupo! Wewe upo, na Nasri yupo."

"Na Shani?"

Zaituni aligeukia dirisha la uani. Shani alikuwa uani na watoto wenzake, wakicheza mlango. Mmoja anakuwa mlango, mwingine anamshika pua, na mlango unalia tik au tik-tik kwa kupenda kwake. Anayekataliwa analazimika kukaa chini na kula mchanga wa kujifanya.

Bi Mize alimvuta Hidaya chumbani, akashusha pazia.

"Nitaje mimi."

"Bi Mize!"

"Nyamaza, nisikilize. Mimi sina mtoto mdogo. Wangu wana ndevu na wako Oman. Sema Bi Mize alinipa, Bi Mize ndiye chanzo. Mashine itapima mkono wangu, itakuta kweli, itafurahi. Nasri abaki, Shani abaki, na Zaituni akaange vitumbua vyake."

"Na wewe watakupeleka wapi?"

"Wanakopeleka watu."

"Na ukifia huko?"

Bi Mize alianza kukunja kanga ambayo ilikuwa imekunjwa tayari. Wote wawili walijua. Anayekufa akiwa chanzo haoshwi, maana maji yake yatapaka watu. Huingizwa kwenye tanuri na nguo zake. Mwanamke aliyewaosha akina mama wa barabara zote, kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini na moja, yeye hataguswa na mkono wa mtu.

"Nimeshakubali," alisema. "Mungu anajua maji yangu yote nilikoyamwaga."

Hidaya alimtazama, na ile hofu iliyokuwa imemkaba tangu alfajiri ikageuka hasira.

"Unaona wanachotufanya?" alisema. "Unaona, Bi? Tangu asubuhi tunakaa humu tunachaguana. Mimi nimtupe Tausi, au nimtupe Nasri, au nikutupe wewe. Zaituni ananitupa mimi. Mume wake kesho atamtupa fundi. Kuna mtu yuko mahali huko, Ijumaa hii, amekaa na rafiki zake kwenye kiti kizuri, ule unga uko mbele yake juu ya kioo, na mlango wake una kitasa cha kawaida! Aliyemkalisha Tausi mezani naye anafunguliwa milango, maana hashiki kitu, anashikisha wengine. Kati ya hao wawili tumebanwa sisi, wametuletea mashine inayouliza ni nani kati yetu. Na sisi tunajibu! Tunajibu, Bi Mize, tena tunapiga simu!"

Pazia lilikuwa jepesi. Upande wa pili hakuna aliyekuwa akitafuna.

"Basi utafanyaje?" Bi Mize aliuliza polepole.

"Sijui." Alifuta machozi kwa kisogo cha Nasri, maana mikono ilikuwa imemshika. "Ila sikuchagui wewe."

*

Kivuli cha kinu kilikuwa kimerefuka mpaka katikati ya sebule afisa aliporudi. Watu walimpisha. Alivua glavu, kiganja kikagusa kishikwambi, tik. Sauti ya mwanamke ikatoka, laini, Kiswahili cha kwenye redio:

"Hidaya binti Sefu. Taja chanzo chako."

Hidaya alisimama. Nasri alikuwa amelala begani, mdomo wazi, bila habari na dunia.

"Chanzo hakiko mtaa huu," alisema. "Huo unga haukulimwa huku, haukuja kwa ajili yetu. Ulikuwa safarini ukaangukia kwetu. Fuata ulikokuwa unakwenda."

"Jibu halijakubaliwa. Taja chanzo chako."

"Mimi ni mwosha. Nimeosha maiti na jirani zangu wakanipa pole. Kilichotokea kwenye maji, mwosha hasemi."

"Jibu halijakubaliwa. Hili ni ombi la mwisho. Taja chanzo chako."

Zaituni, kwenye kona yake, alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Bi Mize alikuwa ameshanyanyuka. "Ni mi..."

"Keti, Bi!" Hidaya hakuwahi kumpandishia sauti mtu mzima namna ile. Akamgeukia afisa, si kishikwambi. "Nimemaliza. Sina jina la kukupa."

Afisa Mhina alisoma kilichoandikwa kwenye kioo, ingawa alikuwa akikijua. Kilitaka kiganja chake mara moja zaidi, na amri ya kumhamisha Nasri ingekuwa imepita. Mkono wake ulibaki hewani. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Bi Mize," alisema, bila kuinua macho. "Wewe ulimwosha mama yangu."

"Nilimwosha."

"Alikuwa... Watu walisema mengi. Kuhusu baba. Kwamba hakuanguka ngazini. Mwilini mwake ulikuta nini?"

Bi Mize alimtazama yule kijana kwa muda, na uso wake mkali ukalegea.

"Nilimkuta Mwanahawa," alisema. "Nikamwosha, nikamvisha, akapendeza. Basi, mwanangu."

"Hutaniambia?"

"Sikumwambia mtu siku ile, na vinywa vilikuwa wazi vinasubiri. Ndiyo maana uliweza kupita barabara ya tisa kichwa juu hadi ukapata kazi. Na wewe sitakwambia."

Afisa akaweka kishikwambi juu ya kinu, taratibu, akavua na ile glavu ya pili.

"Sijakupa mkono wa pole," alisema. "Asubuhi niliingia msibani sikukupa mkono."

Alimnyooshea Bi Mize.

Ni Hidaya aliyeona kwanza. Nafasi ilikuwa pale, imejileta yenyewe, angetakiwa kunyamaza tu. Aliliona lile doa la maziwa begani, na akajikuta ameshasogea katikati yao.

"Afisa, vaa glavu yako. Ukimshika, hicho kishikwambi hakitakufungukia. Hata kwako hakutafunguka. Una mtoto wa wiki tatu."

"Najua nina mtoto."

"Basi fikiri."

"Nimekuwa nikifikiri mwaka wa nne huu, dada," alisema. "Mke wangu ataniua."

Akampita, akainama, akaushika mkono wa Bi Mize kwa mikono yake yote miwili, akaubusu, kama alivyofundishwa na mama yake utotoni. "Pole, Bi. Poleni nyote. Mungu amrehemu."

"Amina," Bi Mize alisema, na sauti yake haikuwa na utani hata kidogo. "Amina, Athumani."

Afisa alikwenda kwenye kinu, akaweka kiganja juu ya kishikwambi.

Tik-tik.

"Afisa hana ruhusa," ilisema ile sauti laini. "Amri haijapita. Afisa, taja chanzo chako."

Hakumtaja mtu. Aliruka kinu akaenda kwenye gari, pengine kwa mazoea, pengine kujaribu. Kutoka ndani walisikia mlango wa gari ukilia mara mbili. Aliendelea kusimama barabarani, mikono imetengana na mwili kama mtu aliyepakwa rangi, akitazama upande wa barabara ya tisa ambako taa zilianza kuwaka, na nyumba moja kati ya zile ilikuwa na mtoto asiyelala.

Hidaya alitoka kizingitini na Nasri. Alitaka kumwambia kitu. Doa litatoka na jasho, mkewe atakuja na mtoto, hapa kuna mkeka. Kesho watakuja maafisa wengine, na watawakuta wengi zaidi. Alikuwa akitafuta aanzie wapi.

Shani alipenya katikati ya miguu ya watu, akapanda juu ya kinu, akamtazama yule mtu mrefu aliyesimama nje peke yake.

"Mlango umemkataa, basi na yeye aje ale."